Ndege za mbao za mwaka 1917 zinavyoweza kuundwa upya Masasi na Newala

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wa mijini wanapozitaja Masasi na Newala, aghalabu hukumbuka mambo mawili: korosho na vinyago. Ni wachache wanaojua kwamba anga la wilaya hizo liliwahi kupitiwa na ndege za kivita zilizoundwa kwa mbao na kitambaa, zenye bawa moja juu na jingine chini, miaka 14 tu baada ya ndugu wawili wa Kimarekani, Orville na Wilbur Wright, kurusha ndege yao ya kwanza yenye injini.

Ilikuwa mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kikosi Namba 26 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichoundwa kwa sehemu kubwa na watu kutoka Afrika Kusini, kilitumia ndege aina ya BE2c kuwafuatilia askari wa kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, waliokuwa wakirudi nyuma kutoka upande wa Lindi kuelekea Mto Ruvuma.

Leo BE2c ni miongoni mwa ndege ambazo wapenzi wa ndege ndogo za mfano katika nchi mbalimbali huziunda upya kwa mbao nyepesi iitwayo balsa. Burudani hiyo huhitaji wembe, gundi, msasa na uvumilivu. Je, inaweza kufanyika Masasi na Newala, ambako si rahisi kuikuta balsa dukani? Jibu ni kwamba inawezekana, tena huenda hakuna mahali pengine nchini panapostahili zaidi.

Kwa nini mabawa mawili?

Waundaji wa ndege wa kwanza walikabiliwa na tatizo moja kubwa. Injini zao zilikuwa dhaifu, hivyo ndege ilihitaji eneo kubwa la bawa ili iweze kuinuka. Lakini bawa moja refu na jembamba la mbao lingevunjika kwa urahisi.

Ufumbuzi ulikuwa kuligawa eneo hilo katika mabawa mawili mafupi, moja juu ya jingine, kisha kuyaunganisha kwa nguzo na nyaya zilizokazwa kimshazari. Muundo huo hufanya kazi kama daraja la chuma: kila kipande ni chembamba, lakini vikiwa pamoja haviyumbi.

BE2c ilikuwa na upana wa mabawa wa takriban mita 11.3 na urefu wa mita 8.3. Ilibeba watu wawili, na mwendo wake ulikuwa kiasi cha kilomita 116 kwa saa. Sifa yake kubwa ilikuwa utulivu: ilipoyumbishwa na upepo ilijirudisha yenyewe katika hali ya kawaida. Vitani utulivu huo uligeuka udhaifu, hasa kule Ulaya, kwa sababu ndege isiyopinda upesi ilikuwa rahisi kutunguliwa. Kwa muundaji wa ndege ya mfano, ambayo haina rubani wa kuirekebisha angani, sifa hiyo hiyo ni neema.

Balsa na mpingo

Uwanda wa Makonde umejipatia sifa duniani kwa vinyago vya mpingo, mti ambao mita moja ya ujazo wa mbao yake huzidi kilo 1,000, na kwa hiyo huzama majini. Balsa iko upande wa pili kabisa wa mizani. Mita moja ya ujazo wake huwa na wastani wa kilo 160 hivi. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, ilhali balsa huweza kuvunwa baada ya miaka ipatayo sita hadi kumi.

Balsa asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, na Ecuador ndiyo inayoongoza kuiuza nje. Jina lake ni neno la Kihispania lenye maana ya chelezo, kwa kuwa wenyeji wa huko waliitumia kuelea majini.

Anayeikosa hana sababu ya kukata tamaa. Watoto wa vijijini wamekuwa wakitengeneza magari na miwani kwa mabua ya mtama na mahindi, na moyo wa bua ni mwepesi mno. Mianzi iliyochanwa vijiti vyembamba ina nguvu kuliko balsa, ingawa ni mizito zaidi. Njiti za mishikaki zinazouzwa madukani zinafaa kwa nguzo za mabawa, na karatasi nyepesi ya kutengenezea tiara inafaa kufunikia.

Aidha, wachongaji wa Kimakonde hawatumii mpingo pekee. Vinyago vya kuvaa katika ngoma ya mapiko huchongwa kwa mbao laini na nyepesi. Mkono unaoweza kuchonga uso wa mapiko hadi ukawa mwembamba wa kuvalika kichwani haushindwi kuchonga pangaboi la ndege ndogo.

Hatua za kuunda

Kazi huanza kwa mchoro. BE2c ikipunguzwa mara 24 huwa na upana wa mabawa wa sentimita 47 na urefu wa sentimita 35 hivi, kipimo kinachotosha juu ya meza ya kawaida. Mchoro hulazwa juu ya ubao laini, hufunikwa kwa nailoni ili gundi isishike, kisha vijiti hupangwa juu ya mistari na kushikiliwa kwa pini mpaka vikauke.

Kiwiliwili huundwa kwa kutengeneza pande mbili zinazofanana, ambazo baadaye huunganishwa kwa vijiti vya kukingama. Mabawa hujengwa kwa boriti ndefu na mbavu fupi zilizopinda kidogo kwa juu. Ncha za mabawa huinuliwa kidogo kuliko katikati; hapo ndipo ulipo utulivu uliotajwa. Bawa la juu la BE2c lilitangulia mbele kidogo kuliko la chini, na muundaji hana budi kulizingatia hilo.

Baada ya mifupa kukauka, karatasi hubandikwa kwa gundi nyembamba kisha hunyunyiziwa maji kidogo. Ikikauka hukazika kama ngozi ya ngoma. Maji yakizidi, bawa hupinda. Nyaya za kukazia huwekwa kwa uzi wa cherehani. Injini ni mikanda ya mpira iliyofungwa kutoka puani hadi mkiani, ambayo husokotwa kwa kuzungusha pangaboi na huachia nguvu yake inapojisokotoa.

Gundi na unyevu visipuuzwe. Mwaka 1915 Waingereza walipoleta ndege za baharini katika eneo la Mafia ili kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, joto na unyevunyevu wa pwani vililegeza gundi na kupinda mbao. Newala, iliyo juu ya uwanda, hupata ukungu wa asubuhi. Ndege ihifadhiwe ndani, mahali pakavu.

Kurusha

Kabla ya kusokota mpira, ndege husukumwa kwa mkono juu ya nyasi ili ielee. Kwa kuanzia, uzito ulingane katika sehemu iliyo takriban theluthi moja ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikiinua pua kisha ikaanguka, iongezwe udongo wa mfinyanzi puani. Ikipiga mbizi moja kwa moja, udongo upunguzwe.

Saa nzuri ni alfajiri au jioni, upepo unapotulia. Uwanja wa mpira unafaa kuliko ukingo wa uwanda pale Shimo la Mungu, ambako ndege iliyopotea haitafutwi. Mikorosho nayo iepukwe. Anayetaka kuweka injini ya umeme na rimoti aulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa kuwa vyombo vya angani visivyo na rubani vina kanuni zake.

Historia isiyoonekana

Chombo kingine cha angani kilikusudiwa kufika katika eneo hilo lakini hakikufika. Novemba 21, 1917, meli ya anga ya Kijerumani L59, yenye urefu wa mita 226, iliondoka Bulgaria ikiwa na tani 15 hivi za risasi, dawa na mahitaji mengine kwa ajili ya Lettow-Vorbeck. Haikutarajiwa kurudi: kitambaa chake kingegeuzwa mahema na nguo. Siku mbili baadaye, ikiwa juu ya Sudan, iliitwa irudi kwa sababu habari zilizopokewa zilisema Wajerumani wameupoteza Uwanda wa Makonde. Ilitua ilikotoka Novemba 25 baada ya saa 95 hewani. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Mambo hayo yameandikwa zaidi katika vitabu vya lugha za kigeni. Kijana wa Newala anaweza kumaliza shule bila kuambiwa kilichopita juu ya paa la babu wa babu yake. Hapo ndipo ndege ya vijiti na karatasi inapokuwa zaidi ya mchezo.

Anayeiunda BE2c kwa mikono yake huelewa jambo ambalo picha haisemi: ilikuwa dhaifu kiasi gani. Ndege iliyoweza kubeba watu wawili na mabomu machache haikuweza kulisha jeshi. Chakula na risasi vilibebwa vichwani na wapagazi wa Kiafrika, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Wengi hawana kaburi linalojulikana.

Mwalimu wa historia, wa fizikia na wa ufundi wanaweza kukutana katika kazi hii moja, na vifaa vyake vingi vinapatikana sokoni Masasi.