Je, Wajua? Mikono Mingi Katika Sahani ya Goma

Je, wajua kwamba sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu? Mgeni akifika Goma, samaki wa kwanza kuwekewa mezani huwa ni huyu, mdogo kama kidole, amekaangwa mpaka akakauka, pembeni ndimu na pilipili. Watu wamekua wakimla na kumhesabu kuwa wa ziwa hili tangu enzi za mababu. Lakini mababu hawakumjua. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wabelgiji walileta vifaranga vya samaki kutoka Ziwa Tanganyika, makumi ya maelfu, vya aina mbili. Aina moja ilipotea. Nyingine, ambayo wataalamu huiita Limnothrissa miodon, ilizaana, na ndiyo sambaza tunayemla leo.

Ziwa lenyewe lilikuwa na nafasi. Kivu lina kina cha karibu mita 485, ila hewa ya kuvuta samaki inapatikana katika mita 60 hivi za juu tu. Chini ya hapo maji yamejaa kabonidioksidi na methani, na hakuna samaki anayeishi humo. Samaki wa asili walikuwa wa aina chache, wengi wao wakikaa karibu na kingo, huku vijidudu vinavyoelea katikati ya ziwa vikikosa wa kuvila. Sambaza akaja kula mahali ambapo hapakuwa na mlaji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndugu zake walipelekwa Ziwa Kariba, na ndio wale ambao Wazambia na Wazimbabwe huwaita kapenta.

Je, wajua pia kwamba mwezi wa angani hupanga mapishi ya mji huu? Sambaza hupanda juu usiku, akifuata chakula chake. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wakateremsha wavu na kuwasha taa, nao samaki huvutwa na mwanga. Mwezi mpevu ukimulika ziwa zima, taa hukosa kazi: samaki hutawanyika, na mitumbwi mingi hubaki ufukweni usiku kadhaa. Siku hizo ukifika soko la Kituku utakuta beseni za sambaza ni chache na bei imepanda. Mama aliyetoka nyumbani akiwa na nia ya samaki hurudi na lengalenga, au na sombe, yaani majani ya muhogo, atakayoipika kwa mawese na karanga. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwamba samaki ni ghali. Kwangu hili ni miongoni mwa mambo ya ajabu kuliko yote katika maisha ya ziwa hili: familia ya mtaa wa Majengo au Himbi inabadilisha chakula cha jioni kwa sababu mwezi umejaa, na pengine hakuna hata mmoja wao aliyeinua macho kuutazama.

Sombe nayo ina safari yake. Muhogo ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno katika pwani ya magharibi ya Afrika kwenye karne ya 16, ukasogea polepole hadi huku. Majani yake yana sumu ya asili, ndiyo maana hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Maharage, mahindi na viazi pia ni watoto wa Amerika.

Je, wajua kwamba volkano ya Nyiragongo nayo imo katika hesabu? Udongo wa volkano una rutuba sana, na viazi vya Masisi na kabichi za Kibumba ni ushahidi. Lakini udongo huhitaji muda mrefu ili uwe udongo. Goma penyewe pamejengwa juu ya lava. Mwaka 1977, kisha Januari 2002, kisha tena Mei 2021, mlima ulimwaga moto, na ule wa 2002 ulipita katikati ya mji. Katika mitaa mingi ukipiga jembe unakutana na jiwe jeusi, na wengine hupanda mboga ndani ya magunia waliyoyajaza udongo wa kununua. Mji wa watu wengi namna hii hauwezi kujilisha, kwa hiyo karibu kila kinachoingia chunguni kimetoka mahali pengine, juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ndani ya lori, kwa boti, au kichwani mwa mama aliyevuka mpaka.

Hapo ndipo njia inapoamua. Kabla ya korona, makumi ya maelfu ya watu walivuka kila siku kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda, wengi wao wanawake wenye vikapu vya nyanya, karoti, maziwa na unga. Mpaka ulipofungwa Machi 2020, mboga ya kawaida ikawa kitu cha kufikiriwa mara mbili. Kisha vita vikarudi. Juni 2022 waasi wa M23 waliteka mji wa mpakani wa Bunagana, na eneo la Rutshuru linalolisha mji kwa maharage na mahindi likawa upande wa pili wa mstari wa vita. Februari 2024 barabara ya Sake ikakatika, na mazao ya Minova yakabaki na njia moja tu, yaani ziwa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyojaa abiria kutoka Minova ilizama ikiwa karibu kabisa kufika bandari ya Kituku, watu wakiwa ufukweni wanaitazama. Makumi walikufa. Wengi walipanda boti ile kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa, na hilo lisisahaulike tunapolalamikia bei sokoni. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipouteka mji wa Goma, benki zilifunga milango, na hata mwenye mshahara akajikuta anachagua chakula kwa noti chache zilizobaki mkononi.

Vyakula vingine vya mji navyo vina historia yake. Jibini ya Masisi, ile ya mviringo inayouzwa mjini, ni urithi wa wamisionari na walowezi wa Kibelgiji waliofuga ng'ombe katika vilima vile. Ndizi zina habari ya kusikitisha zaidi. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi, na kutoka hapo ukaenea Kivu. Ndizi huiva kabla ya wakati, ukiikata ndani imeoza, na mgomba hufa. Wadudu hubeba bakteria kutoka ua moja hadi jingine, na panga lisilosafishwa hufanya vivyo hivyo. Wakulima wengi waling'oa migomba wakapanda vitu vingine, na pombe ya kasiksi ikapungua pamoja nayo.

Na je, wajua kwamba mara nyingi makala, yaani mkaa, huamua kabla ya chakula? Maharage ni mlo wa mnyonge, yana protini na madini ya chuma, na bei yake kwa kawaida iko chini ya nyama na samaki. Lakini maharage makavu hutaka saa mbili, hata tatu, juu ya babula, yaani jiko la makala. Mama hupiga hesabu mbili, ya maharage na ya makala. Siku bei ya kifuko cha makala inapopanda, huchagua wali au bugali, vinavyoiva haraka, ingawa watoto watashiba kwa muda mfupi zaidi. Kuyaloweka maharage usiku kucha hupunguza muda wa moto, na dada zetu wengi hufanya hivyo, ila nalo hutaka maji, na maji Goma hubebwa kwa bidoni.

Makala hayo kwa sehemu kubwa hutoka katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza katika bara hili. Miti hukatwa na kuchomwa humo kinyume cha sheria, na makundi yenye silaha hutoza kodi. Julai 2007 gorila dume aitwaye Senkwekwe na wenzake waliuawa kwa risasi, na uchunguzi ukaelekea kwenye biashara hiyo. Hifadhi ilijibu kwa kujenga mitambo ya umeme wa maji. Wa Matebe, Rutshuru, ulizinduliwa Desemba 2015 ukiwa na nguvu ya megawati 13 na kidogo, na waya zake zimefika Goma. Hata hivyo, katika nyumba nyingi chungu cha maharage bado kiko juu ya babula, kwa kuwa makala hununuliwa kidogokidogo, ya kutosha leo tu, na jiko la umeme hutaka fedha za mkupuo.