Herufi za aljebra, katika fizika na katika lojika

Wanafunzi wa seminari ndogo hutuuliza mara nyingi: aljebra inamfaa nini mtu anayejitayarisha kuwa padri? Hesabu za namba wanazikubali, maana kila misioni ina daftari lake la matoleo na matumizi. Lakini kuandika x na y na kuzihamisha huku na huku, hiyo wanaiona kazi bure. Jibu moja liko pahali wasipolitazamia, ni kusema katika lojika watakayojifunza mwanzoni mwa filozofia. Lakini tuanze na aljebra yenyewe.

Aljebra iliishi muda mrefu bila herufi. Al-Khwarizmi, aliyeandika huko Bagdad karibu na mwaka 820 kitabu kilicholipa somo hili jina lake, alisema yote kwa maneno. Mraba mmoja pamoja na mizizi yake 10 ni 39. Mzizi ni ngapi? Twaa nusu ya 10, ndiyo 5. Zidisha 5 kwa 5, upate 25. Ongeza 39, upate 64. Mzizi wa 64 ni 8. Ondoa 5, inabaki 3. Ndivyo ilivyo: 9 na 30 ni 39. Sababu yake aliionyesha kwa picha ya mraba. Lakini kanuni ilikaa ndani ya mfano, na msomaji alipaswa kuitoa mle mwenyewe. Mwaka 1591 Mfaransa François Viète aliweka herufi si kwa namba isiyojulikana tu, bali hata kwa zile zinazojulikana. Hapo kanuni ikaweza kuandikwa peke yake. Desturi yetu ya x, y, z kwa visivyojulikana na a, b, c kwa vinavyojulikana tuliipokea kwa Descartes, mwaka 1637.

Walimu wetu wa filozofia wangesema: forma imetengwa na materia. Andika c = ab. Motokari ikienda kilometa 40 kwa saa, kwa saa 3 itakwenda kilometa 120. Litro moja ya mawese ina uzito wa gramu 900 na kitu. Basi bidoni ya litro 20 ina kilo 18 na kitu. Waya wenye ohm 6, ukipitwa na ampere 2, unahitaji volti 12. Njia, mafuta, umeme: vitu vitatu visivyo na undugu, lakini maandiko ni yale yale. Tena anayejua kutafuta b katika moja anajua kuitafuta katika zote.

Anajua? Hapa ndipo penye shida. Tunamwona kijana anayepata pointi nzuri katika aljebra akikwama katika fizika saa ileile ya asubuhi, kwa sababu tu mwalimu ameandika U = RI wala hakuandika y = ax. Huyo hakupewa forma. Alipewa herufi tatu za kukariri. Vilevile anafundishwa: « ukihamisha namba ng'ambo ya pili, geuza alama yake. » Kwa nini? Hajui. Afadhali aonyeshwe mizani: katika x + 5 = 12 tunaondoa 5 katika sahani hii na 5 katika sahani ile, na mizani haiinami. Akiisha kuelewa, aache kufikiri mizani, na mkono ufanye kazi yake upesi. Kusahau baada ya kuelewa ni faida ya aljebra. Kusahau kabla ya kuelewa ni hasara tupu.

Sasa lojika. Mwingereza George Boole, mwana wa fundi viatu, aliyejifundisha hesabu karibu yote yeye mwenyewe, alitoa vitabu viwili, mwaka 1847 na 1854, akizifanya herufi zisimame si kwa namba bali kwa makundi ya vitu. Tuseme x ni watu, y ni wenye uhai. Basi xy ni wale walio watu na wenye uhai pamoja. 1 ni vitu vyote. 0 ni hakuna kitu. « Kila mtu ana uhai » inakuwa x = xy. Tuchukue silojismo ya Barbara: kila x ni y, kila y ni z. Tunaandika x = xy, na y = yz. Weka yz pahali pa y: x = xyz. Lakini xy ni x; basi x = xz, kila x ni z. Mkono umefanya silojismo bila kuuliza x ni nani. Mwaka 1937 Mmarekani Claude Shannon alionyesha kwamba hesabu hiyohiyo inaeleza nyaya za umeme zinazofungwa na kufunguliwa, na juu yake zimejengwa mashine zote za kompyuta.

Boole aliona pia kwamba watu walio watu ni watu tu, ni kusema xx = x; kwa hiyo x(1 − x) = 0, hakuna kilicho mtu na kisicho mtu pamoja. Akadai kwamba kanuni ya kutojipinga inazaliwa hapo. Sisi hatumfuati: anayeandika alama ya sawasawa amekwisha kuitumia kanuni hiyo.

Lakini aljebra yake ilifunua jambo lililojificha. Twaa Darapti: kila atakayechelewa atafagia uwanja, kila atakayechelewa atakosa mpira, basi wengine watakaofagia watakosa mpira. Aristoteli alikubali. Andika m kwa wanaochelewa. Ikiwa wote wamewahi, m = 0; amri zote mbili zinabaki za kweli, lakini hakuna anayelazimika kufagia wala kukosa mpira. Neno la tatu halitoki, isipokuwa tuongeze kwamba yuko aliyechelewa. Wazee wa lojika waliliweka hilo moyoni bila kulitamka. Mwalimu anayeandika Darapti ubaoni alitamke, tena aliandike kama mstari wa tatu, kabla ya neno « basi ».