Wapenzi wa redio wa Gisenyi: Wewe ni wa kundi gani?

Gisenyi ni mji wa wapita njia, lakini sebuleni mwa watu kuna kitu kisichopita: redio na spika zake, imefunikwa kitambaa cha kudarizi na kupewa nafasi ya heshima kuliko kabati la vyombo. Kazi ya ualimu hunifikisha kwa wazazi wengi, kuanzia Majengo hadi Mbugangari karibu na mpaka. Huko nimeona kuwa wapenzi wa redio ni makundi manne, na kila kundi hudhani mengine matatu hayajui kusikiliza.

Kundi la kwanza ni watu wa kishindo. Kwao muziki ni besi. Sabufa imewekwa pembeni kabisa mwa chumba, na glasi zinacheza kabatini. Mara nyingi hawa ni wakarimu, wanataka mtaa mzima ufaidi. Tatizo ni kwamba jirani mwenye mtoto mchanga hakuomba karamu hiyo. Tena pembe ya ukuta huongeza mvumo tu. Sogeza sabufa hatua moja mbele, na maneno ya mwimbaji yatasikika bila kupandisha sauti.

Kundi la pili ni wapimaji. Huyu ana futi. Umbali kati ya spika mbili lazima ulingane na umbali kutoka kila spika hadi kiti chake, na kiti hicho mgeni hakalii. Spika amezipandisha juu ya mawe meusi ya volkano. Waya mwekundu huenda kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, maana ukigeuza upande mmoja, spika moja husukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi hupotea. Yote hayo ni kweli. Ila mtu huyu atausimamisha wimbo wa Franco katikati ya sebene ili akuonyeshe gitaa la pili linatokea upande gani!

Kundi la tatu ni wafanyabiashara. Kwao redio haimalizi miezi mitatu: ya leo imevuka mpaka asubuhi, ya jana imeshauzwa. Hufungulia hadi mwisho, husikiliza kama inakwaruza, kisha hutaja bei. Tusiwacheke, ndio wanaotuletea. Lakini wao na wateja wao wajue kwamba maelfu ya wati yaliyoandikwa kwenye katoni kwa herufi PMPO ni mapambo. Namba ya kuaminika ni ile ya RMS, nayo huwa ndogo. Soma pia kibandiko cha nyuma: redio inayotumia wati 60 za umeme haiwezi kutoa wati 3,000 za sauti mfululizo.

Kundi la nne, watunzaji, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wengi wao ni sisi tuliorudi. Mimi nilisoma Karagwe, Tanzania, na nyumba zetu za ukimbizini zilikuwa na kaseti za Mbaraka Mwinshehe, pamoja na za Cécile Kayirebwa, aliyekuwa akiimba Kinyarwanda kutoka Ubelgiji. Kaseti nyingine hazikuwa na muziki. Zilikuwa barua. Ndugu waliokuwa Uganda, Burundi au Kongo walirekodi salamu, wakataja waliozaliwa na waliofariki, wakamkabidhi msafiri. Wengi waliozungumza humo hawapo tena.

Wimbo wa Franco utaupata kwa muuza flashi yeyote. Sauti ya bibi yako huipati popote. Utepe wa kaseti huchakaa, unyevu wa ziwa huuletea ukungu, na sumaku huufifisha. Hata hivyo wapo wanaopanga kaseti juu ya spika! Tena tunaishi chini ya Nyiragongo. Lava ya Januari 17, 2002 ilikimbiza watu wa Goma hadi kwetu na mizigo waliyoweza kubeba, na mlipuko wa Mei 22, 2021 ulifuatiwa na matetemeko yaliyopasua nyumba zetu. Sanduku la kaseti linaweza kupotea kwa siku moja.

Hapa makundi yote yanahitajiana. Mfanyabiashara atafute deki nzima. Mpimaji asafishe kichwa chake kwa pamba na spiriti, aunganishe waya hadi kwenye kompyuta. Mtunzaji aandike juu ya kila kaseti jina la msemaji, mahali na mwaka, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Naye mtu wa kishindo atualike kusikiliza. Spika zake zinatosha ukoo mzima.

Kaseti ya dakika 60 hunakiliwa kwa dakika 60. Ukianza na moja leo jioni, utakuwa umeimaliza kabla ya kulala.