Unyevu wa Ukutani Hukatwa Msingini

Ukuta wa banda jipya la gari Mtoni, pwani ya Unguja, huanza kuharibikia chini, usawa wa magoti. Rangi hututumka, na ukiikwangua kwa ukucha hutoka unga mweupe wa chumvi. Maji ya ardhini hupanda katika vitundu vya tofali la saruji kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, yakibeba chumvi. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi ikaganda chini ya rangi na kuipasua lipu. Halafu chumvi hiyohiyo hunyonya maji hewani: chumvi ya kawaida huanza kuloa pale unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75, na Unguja kiwango hicho hupitwa mara nyingi. Ndiyo maana ukuta huweza kutota hata mvua haijanyesha, hasa uliojengwa kwa mchanga wa pwani usiooshwa.

Mafundi wengi huagiza lipu nzito ya saruji iliyotiwa dawa ya kuzuia maji. Kwa mvua ya masika inayopigwa na upepo, wana hoja. Lakini maji yatokayo chini hayaishi kwa kuzibiwa uso wa ukuta. Hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Wazee waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa walifuata njia nyingine. Kasri la Mtoni, alilojenga Sultani Sayyid Said na alikozaliwa binti yake Sayyida Salme mwaka 1844, lilisimamishwa karibu kabisa na bahari kwa kuta nene ambazo vitundu vyake huyaacha maji yaliyoingia yatoke tena. Kuta za namna hiyo zikifunikwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, na jiwe na chokaa vikaoza nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Mtu atauliza: mbona kasri lenyewe ni magofu? Ukuta wa chokaa ukikosa paa, mvua huuingia kwa juu na kuikosha chokaa kidogo kidogo. Ukuta unaopumua nao unahitaji kukingwa maji yasiingie.

Tofali la saruji halina unene ule, kwa hiyo njia ya maji ikatwe msingini: nailoni nzito juu ya msingi, ikipishana na ile ya chini ya sakafu, na sakafu iwe juu ya ardhi ya nje. Lipu ya nje isiivuke nailoni hiyo na kugusa udongo, la sivyo maji yatapandia humo. Ama joto la ndani ya banda, ambalo wengine hulizuia ukutani, sehemu yake kubwa hutoka kwenye bati. Kizuia joto kifungwe chini ya paa. Kukibandika kwenye ukuta uliolowa ni kuuficha ugonjwa. Wapo watakaolalamikia gharama, lakini nailoni ni sehemu ndogo sana ya bei ya matofali, na kuitia baada ya ukuta kusimama ni kazi ya kukata ukuta kipande kwa kipande. Wewe unayejenga, usimruhusu fundi apange tofali la kwanza kabla hujaiona nailoni imetandikwa.