Kwa Nini Gharama ya Stima Vyuoni Hupanda, na Jinsi Inavyowagusa Wenye Ploti

Muhula unapofunguliwa, miji ya Rongo na Homa Bay hujaa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Wengi hupanga vyumba kwa wakazi. Stima inapopanda bei, chuo hubakiwa na pesa kidogo za masomo, mwanafunzi hujinyima chakula, naye mwenye ploti huandamwa na lawama. Ni vyema kila mmoja ajue bili hiyo hutoka wapi.

Kwanza, bei ya uniti si gharama yote. Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA) huidhinisha bei ya msingi. Kila mwezi huongezwa gharama ya mafuta ya mitambo ya umeme na mabadiliko ya thamani ya shilingi, kisha ushuru wa VAT wa asilimia 16 na tozo ya kusambaza stima mashinani. Ndiyo maana mtu akitumia uniti zile zile, malipo hubadilika.

Wakazi wa Migori huuliza mbona kituo cha Gogo kwenye Mto Kuja hakiwapunguzii bei. Kituo hicho kina uwezo wa takriban megawati 2 tu, na stima yake huingia kwenye gridi ya taifa.

Mteja mkubwa kama chuo hulipia pia kilele cha matumizi ya mwezi. Jikoni, maabara na pampu za maji zikiwashwa kwa wakati mmoja, kilele hicho hupanda hata kama uniti za mwezi hazijaongezeka. Kupiga maji kwenye tangi kwa saa tofauti na za upishi kunaweza kupunguza malipo bila kununua mtambo wowote.

Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zinataka taasisi inayotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka, yaani wastani wa 15,000 kwa mwezi, ifanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Njia nyingine ni sola. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mkataba wa kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi.

Katika ploti, tatizo kubwa ni mita moja kwa vyumba vingi. Wateja wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100. Jiko la koili la wati 1,000 likiwashwa saa moja kila siku hula uniti 30 kwa mwezi. Wanafunzi wanne kwenye mita moja hufikisha uniti 120 kwa upishi pekee, na wote huangukia kundi la bei ya juu zaidi, hata yule anayewasha taa tu.

Wenye ploti wanashauriwa kuomba Kenya Power mita ya kila chumba. Wanafunzi nao waulize kabla ya kulipa kodi: je, mita ni ya chumba au ya ploti nzima?