Wimbo Mmoja, Makundi Mawili

Katika fasihi simulizi si ajabu ngano moja kutambwa na wasimulizi wawili, huyu akaifupisha na yule akairefusha apendavyo. Katika muziki wa santuri jambo hilo huzua mashaka, kwani wimbo una mwenyewe, una mkataba, tena una bei. Mashaka huzidi pale ambapo aliyetangulia kuimba na aliyerudia wamo katika kampuni moja. Mfano ulio wazi ni "Papa Was a Rollin' Stone".

Wimbo huu ulitungwa na Norman Whitfield na Barrett Strong, watunzi wa Motown, kampuni aliyoianzisha Berry Gordy mjini Detroit mwaka 1959. Yaliyomo ni mazito: watoto wanamhoji mama yao juu ya baba aliyefariki, ambaye sifa zake mitaani si njema. Walioutoa kwanza, mwaka 1972, ni The Undisputed Truth, kundi la waimbaji watatu aliloliunda Whitfield mwenyewe. Toleo lao, la dakika tatu na nusu hivi, liliishia nafasi ya 63 katika orodha kuu ya Billboard. Mwaka huo huo Whitfield aliwapa The Temptations wimbo ule ule, nao mwezi wa Desemba ukashika nafasi ya 1.

Je, The Temptations waliwapokonya wenzao? Neno hilo halifai, maana mwaka mmoja kabla mambo yalikwenda kinyume. "Smiling Faces Sometimes" uliimbwa kwanza na The Temptations, lakini waliovuma nao mwaka 1971 ni The Undisputed Truth, waliofika nafasi ya 3. Hata "War" ulikuwa wa The Temptations kabla ya Edwin Starr kuufikisha kileleni mwaka 1970. Nyimbo za watunzi hao zilikuwa mali ya Jobete, tawi la Motown lililomiliki haki za utunzi. Aimbe nani, mapato yalirudi nyumba ile ile. Basi wimbo uliokwama kwa mmoja ulijaribiwa kwa mwingine.

Hata hivyo, sababu za biashara hazielezi tofauti isikikayo. Katika albamu *All Directions* toleo la The Temptations lina urefu wa karibu dakika 12, na msikilizaji hungoja karibu dakika nne kabla ya kusikia sauti ya mwimbaji. Gitaa la besi linarudia noti chache zile zile, likinyamaza na kuanza tena. Juu yake zinapita tarumbeta, makofi na fidla zilizopangwa na Paul Riser. Kwa The Undisputed Truth kisa kinasimuliwa moja kwa moja. Kwa The Temptations ukimya unatangulia kisa, na waimbaji wanapokezana beti, sauti nzito baada ya nyembamba, kama ndugu wa tumbo moja ambao kila mmoja ana swali lake kwa mama. Hapo ndipo kurudia kulipogeuka kuwa kutunga upya, ingawa maneno hayakubadilishwa.

Ajabu ni kwamba waimbaji wenyewe hawakufurahi. Walitamani nyimbo za mapenzi zilizowajengea jina, wakanung'unika kwamba ala zinafunika sauti zao. Inasimuliwa kwamba Whitfield alimrudisha Dennis Edwards kwenye maikrofoni mara nyingi hata akakasirika, na kwamba hasira hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Manung'uniko yao yalikuwa na msingi: mwaka 1973 wimbo ulipata tuzo tatu za Grammy, na mojawapo ilikuwa ya upande wa pili wa santuri, ambao ni muziki mtupu usio na mwimbaji. Tuzo hiyo walipewa Whitfield na Riser.

Whitfield aliondoka Motown mwaka 1975 akaanzisha kampuni yake, na The Undisputed Truth wakamfuata. The Temptations, waliokuwa wamekwisha kuachana naye, hawakufika tena nafasi ya 1 katika orodha ile.