Jaketi la Kipimo cha Mtu Mwingine

Asubuhi za kipupwe, kusi inapovuma, dereva wa bodaboda anayetoka Mitwero na abiria kwenda Lindi mjini huwa amevaa koti zito. Koti hilo ni la mtumba, lilishonwa kwa ajili ya nchi za theluji, na wapo wanaolivaa kinyumenyume, mgongo ukae kifuani, upepo usipate pa kupenya. Linazuia baridi ya alfajiri, na ndiyo kazi ambayo limenunuliwa kuifanya. Pikipiki ikiteleza kwenye lami, koti la namna hiyo huchanika mara moja, na kinachobaki kusuguana na barabara ni ngozi ya mtu.

Mara chache sana, ndani ya belo lilelile lililotoa makoti hayo, hutokea jaketi la pikipiki la ngozi, tena lililokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja huko lilikotoka. Halina lebo ya saizi. Likitundikwa kwenye kamba pamoja na makoti ya suti na majaketi ya michezo, linauzwa kama nguo: anayelitaka ataliangalia rangi, atalijaribu akiwa amesimama, ataona mikono imezidi na mgongo umeshuka, atalirudisha. Nataka kulitetea vazi hili, kwa sababu nina hakika linauzwa vibaya, na anayeumia zaidi ni yule ambaye lingemfaa.

Jaketi la pikipiki lililotengenezwa sawasawa ni kifaa cha kazi. Ngozi yake, aghalabu ya ng'ombe, ina unene wa zaidi ya milimita moja, na kwenye mabega na viwiko huongezwa tabaka la pili. Mishono ya sehemu hizo hupigwa zaidi ya mara moja, mmoja ukiwa umefichwa ndani, ili ule wa nje ukikatika kwa kusuguliwa, vipande visiachane. Ndani ya mifuko midogo ya viwiko, mabega na mgongo huwekwa vipande vya kupunguza kishindo. Kwenye majaketi ya Ulaya vipande hivyo hubeba alama ya kiwango cha EN 1621. Kwa asiyevijua vinaonekana kama sponji zilizosahauliwa, na ni rahisi kuvichomoa ili jaketi lionekane jepesi. Anayefanya hivyo ametupa nusu ya kile alichokuwa anauza.

Mikono mirefu haikukosewa. Fundi aliyelikata alimpima mteja akiwa katika mkao wa kuendesha, mikono imenyooshwa kwenye usukani na mgongo umeinama kidogo. Ndiyo maana mikono ya jaketi huwa imepinda kwenda mbele hata likiwa limetundikwa, na upande wa nyuma hushuka kuliko wa mbele, kiuno kisibaki wazi. Kulijaribu ukiwa umesimama mbele ya kioo ni kulihukumu kwa kazi isiyo yake. Mnunuzi akae juu ya pikipiki yake mwenyewe, hata kama imeegeshwa kijiweni, ashike usukani, kisha mtu mwingine aangalie kama vipande vya viwiko vimekaa juu ya viwiko au vimezunguka pembeni. Kipande kilichohama hakitakuwepo pale mkono utakapogonga barabara. Jaketi kubwa kupita kiasi ni baya zaidi, maana wakati wa kuanguka hupanda juu na kuacha tumbo na mgongo vikiwa wazi.

Historia ya vazi hili ni ya cherehani zaidi kuliko ya kiwanda. Mwaka 1950 Geoff Duke, mshindani wa mbio za pikipiki kutoka Uingereza, alitaka vazi lisilopepea kwenye upepo. Alikwenda kwa fundi nguo wa mjini kwao St Helens, Frank Barker, akashonewa suti ya ngozi ya kipande kimoja iliyombana mwili mzima. Mtindo huo ukaenea katika mbio za dunia. Kwa sisi tuliokulia kwenye kupimwa na fundi barazani kila inapokaribia Idi, hakuna la ajabu hapo: mwenye futikamba na subira alimtazama mteja wake vizuri kabla ya kukata.

Kuhusu faida yake, kuna ushahidi. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanywa Australia kwa waendesha pikipiki waliopata ajali. Waliovaa majaketi ya pikipiki walikuwa na uwezekano mdogo wa kulazwa hospitalini kwa takriban asilimia 21 kuliko wasioyavaa. Utafiti huohuo ulibaini kwamba karibu theluthi moja ya majaketi yaliyovaliwa ajalini yalishindwa, yakatoboka au kuachana mishono. Takwimu hizi mbili zisitenganishwe. Ya kwanza inaeleza kwa nini jaketi linunuliwe. Ya pili inaeleza kwa nini litazamwe mshono kwa mshono kabla fedha haijatoka, hasa linapokuwa limekwisha tumika. Pengine mwenyewe wa kwanza alianguka nalo. Alama ya mburuzo begani, uzi uliokatika kwapani, sehemu ya kiwiko iliyolainika na kuwa nyembamba: haya muuzaji anatakiwa kuyaonyesha kwa kidole chake mwenyewe. Kuyafunika kwa rangi ya viatu ni kumdanganya mtu kuhusu uhai wake.

Pwani ya Lindi nayo ina ukatili wake kwa ngozi. Unyevu huleta ukungu kwenye jaketi lililofungiwa sandukuni, na hewa ya chumvi hula zipu. Ngozi bandia ndiyo huumbuka mapema: baada ya muda kwenye joto na unyevu, tabaka lake la juu huanza kubanduka magamba. Kuitambua si vigumu. Geuza ukingo ambao haukukunjwa, chini ya mfuko au ndani ya kola; ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zake, ngozi bandia huonyesha kitambaa kilichopakwa. Ya bandia iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Joto lenyewe halina dawa. Mchana wa Lindi hufika nyuzi 30 au kupita, na dereva anayezunguka kati ya Mitwero na sokoni, akisimama kila baada ya dakika kumi kusubiri abiria, hawezi kukaa ndani ya ngozi ya ng'ombe kutwa nzima. Sitamlaumu akilivua. Lakini yupo dereva mwingine, anayekodiwa kabla ya jua kuchomoza kwenda Mchinga au mbali zaidi kwenye barabara ya Kilwa, akipishana na mabasi ya Dar es Salaam na malori yanayokwenda kasi. Kwa huyo, jaketi la ngozi lina saa zake za kuvaliwa, na saa hizo ndizo za hatari kubwa. Muuzaji anayemjua mteja wake atamuuliza njia anazopita kabla ya kumtajia bei.

Bei ndiyo penye ugumu. Mwenye jaketi wa kwanza alilipia kipimo chake mwenyewe: mafundi walimpima, wakakata, wakamjaribisha, na gharama hiyo yote ikaingia kwenye bei. Jaketi likishamtoka yeye, kipimo hicho hakimfai mtu mwingine yeyote isipokuwa mwenye mwili unaofanana na wake. Kwa wengine ni kasoro. Kwa hiyo jaketi la kupimwa hushuka thamani kuliko la dukani, hata kama limeshonwa vizuri mara mbili, na muuzaji anayelinadi kwa ukali wa bei ya Ulaya atakaa nalo mpaka ukungu ulimalize. Njia ya kuliokoa ni kutafuta mwili wake. Kifua, mabega, urefu wa mkono kutoka shingoni hadi kifundoni, na mgongo: vipimo hivyo vinne vikiandikwa kwenye karatasi na kubanwa kwenye kola, mnunuzi anajua kama aendelee au aache.

Fundi anaweza kusaidia, kwa mipaka. Ubavu unaweza kupunguzwa na mkono kufupishwa. Mabega yasiguswe, maana yakifumuliwa kila kilichopangwa kuzunguka kiungo huharibika. Tena tundu la sindano kwenye ngozi halizibiki. Kila mshono uliofumuliwa huacha mstari dhaifu. Kazi hii ni ya fundi viatu au mabegi, mwenye sindano ya ngozi na uzi wa nailoni. Uzi wa pamba utaoza kwa jasho.

Swali la nani alipie linaniuma zaidi kuliko mengine yote. Dereva mwenye mkataba anapeleka hesabu kwa bosi kila siku, na chombo lazima kiwe na bima ndogo. Bima hiyo humlipa mtu wa tatu aliyegongwa. Mwili wa dereva haumo. Kanuni za mwaka 2010 zilizorasimisha usafiri wa abiria kwa pikipiki zilidai kofia ngumu, na kofia lazima itangulie, kwani hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Mwenye fedha ya kitu kimoja anunue kofia nzuri. Jaketi lifuate msimu wa ufuta au wa korosho, abiria wanapokuwa na fedha mkononi. Na bosi anayebadilisha tairi bila kuombwa aone kwamba jaketi nalo ni sehemu ya chombo.

Na mitumba yenyewe iliwahi kutishiwa: mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ndani ya miaka mitatu. Marekani ilitishia kuwanyima nafasi katika soko lake kupitia mpango wa AGOA, na ni Rwanda pekee iliyoshikilia msimamo, ikaadhibiwa mwaka 2018. Hoja zilihusu viwanda vya nguo na ajira, hoja nzito. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 na mafundi wa kupima kila mtaa, na bado dereva wa Mitwero anasubiri kinga yake ifike kwa bahati ndani ya belo. Siku jaketi la bodaboda litakaposhonwa hapa, kwa ngozi yenye matundu ya kupitisha hewa na kwa mkao wa pikipiki zetu, biashara ninayoieleza itakufa, nami nitafurahi.

Kwa sasa, jaketi lisilompata mtu Mitwero lisishushwe bei hadi linunuliwe na yeyote. Muuzaji alipige picha likiwa limegeuzwa ndani nje, aonyeshe mishono, aandike vipimo vinne, alitume kwa basi la Masasi, Tunduru hadi Songea, na kutoka hapo Njombe. Kule kuna madereva wa bodaboda wanaoendesha kwenye baridi ya kweli, wataweza kulivaa kutwa, na nauli ya kifurushi ni ndogo.